Kumsifu fundi kwa Kiingereza: neno lipi umpe nani

Karatasi aliyoniletea ilikuwa na mstari mmoja: “He is a good fundi and he is able.” Chini yake palikuwa na sahihi ya mjomba wake mwenye karakana, na mhuri wa bluu. Kijana mwenyewe ni seremala wa hapa Ngamiani, Tanga, ana miaka 28, na ameshika randa tangu alipomaliza darasa la saba. Wakala wa ajira alikuwa amemwambia kuna kampuni ya ujenzi Maskati inataka maseremala, na kila mmoja alete barua ya Kiingereza inayoeleza uwezo wake.

“Shikamoo mama. Naomba uniandikie upya hii, maana naona kama haijasema kitu.”

“Marahaba mwanangu. Kaa hapo.”

Alikuwa ameona vyema. Mimi nilikuwa katibu muhtasi kwa miaka 31, nikianzia ofisi ya shamba la mkonge enzi za taipureta na karatasi ya kaboni. Tangu nistaafu nina duka dogo la steshenari: kompyuta, printa na mashine ya fotokopi. Anayekuja kutoa kopi ya cheti huishia kuomba barua. Kwa hiyo mwaka mzima nawaandika mafundi, madereva, wapishi, mabaharia na walimu kwa Kiingereza, na kazi yangu kubwa ni kumtafutia kila mmoja neno linalomkaa kama nguo iliyopimwa. Kiingereza kina maneno mengi ya kumsifu mtu anayejua kazi. Kamusi huyapanga yote mbele ya “hodari” kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, na mtu huchagua lile refu kuliko yote akidhani ndilo lenye heshima zaidi. Nataka nikuonyeshe ninavyochagua mimi.

Weka kamusi pembeni kwanza

Kabla ya neno lolote la sifa nauliza mambo matatu. Umetengeneza nini kwa mikono yako? Unatumia vifaa gani bila kusimamiwa? Nani hukagua kazi yako, na wewe unamkagua nani? Majibu nayaandika kwa Kiswahili kwenye daftari. Seremala wangu alisema: milango ya paneli na fremu zake, madirisha, ngazi za nyumba mbili za ghorofa, na vitanda asivyoweza kuvihesabu. Mbao zake ni mninga, mkongo, na mtiki unaotoka Longuza kule Muheza. Anaunga kwa ulimi na tundu, hapigi msumari pasipohitaji. Mashine ya kuranda anaijua, lakini kumalizia humalizia kwa randa ya mkono. Ramani ya nyumba anaisoma. Kuna vijana wawili wanaomtazama yeye.

Hapo tayari ana barua, na hakuna sifa hata moja iliyoandikwa. Anayepokea maombi ya kazi anasoma “hardworking and talented” asubuhi mpaka jioni, kwa kila mtu, hata macho yake yanaruka. Ngazi za nyumba mbili za ghorofa atazikumbuka.

Halafu lije jina la kazi. “Fundi” ni neno kubwa kwetu, na wageni wanaoishi Nairobi na Dar wamelitia hata kwenye Kiingereza chao. Maskati nako wapo Waomani wanaokisema Kiswahili kama sisi, hasa wenye asili ya Zanzibar. Lakini huwezi kujua barua itaangukia meza ya nani, kwa hiyo taja kazi yenyewe. Tena Kiingereza hugawa useremala vipande. “Carpenter” ni seremala kwa ujumla, na kwenye ujenzi ni yule wa paa na miundo. “Joiner” ni wa milango, madirisha na ngazi. “Cabinet maker” ni wa makabati na fanicha. “Shuttering carpenter” ni yule anayefunga mbao za kumwagia zege, na matangazo mengi ya Ghuba humtaka huyo. Nilimwuliza kijana, akasema mbao za zege amefunga mara moja tu, kwenye ujenzi wa msikiti. Tukaandika “joiner and carpenter”, la zege tukaliacha. Angeandikwa asichokijua, angeulizwa siku ya kwanza kazini, mbali na kwao, na tiketi amekopa.

Alichopewa na alichofundishwa

“Gifted” na “talented” ni sifa za mtu aliyepewa. Kiswahili kina wazo hilohilo: kipawa ni kitu ulichopewa. “Talent” kwa Wayunani ilikuwa uzito wa kupimia fedha. Ni ule mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, wa bwana aliyewagawia watumwa wake tano, mbili na moja, uliowafanya watu wa Ulaya waanze kuuita uwezo wa mtu talanta. Ni maneno mazuri na nayatumia kwa moyo. Binti wa kidato cha pili aliyeomba ufadhili kwa sababu ya hesabu zake nilimwandika “a gifted student”. Mpiga kinanda wa taarabu, mchezaji chipukizi, mshonaji anayebuni mishono yake mwenyewe, hao ni “talented”.

Lakini seremala wa miaka 28 ukimwita “gifted”, umeifuta miaka 13 ya vumbi la mbao. Mwajiri analipia kilichojifunzwa. Neno lake ni “skilled”: amepita mikononi mwa mtu, akakosea, akasahihishwa, akajua. Asili ya “skill” ni lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambako “skil” ilikuwa uwezo wa kupambanua kitu na kitu. Nikimwona seremala anagonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusema huu haujakauka, naliona neno hilo limerudi nyumbani kwake.

Lina jamaa yake, “skilful”, na hawa wawili usiwachanganye. “Skilled” hueleza mafunzo na daraja la mtu. “Skilful” hueleza namna kazi inavyotendeka mbele ya macho yako. Dereva aliyesomea na mwenye leseni ya magari makubwa ni “skilled”. Aliyewapandisha salama kona za kutoka Mombo kwenda Lushoto, usiku, mvua inanyesha, mwandike “skilful”. Wamarekani huliandika “skillful”, kwa herufi moja zaidi. Chagua tahajia moja uifuate mpaka mwisho wa barua.

Kwenye matangazo utaona pia “skilled”, “semi-skilled” na “unskilled”. Hayo ni madaraja ya malipo. Kibarua anayebeba zege analipwa katika daraja la “unskilled”, lakini kwenye barua yake mwenyewe usimwandike hivyo. Mwandike “general labourer”, kisha useme anachofanya: anachanganya zege kwa vipimo, anafunga jukwaa, anajua kutunza mashine ya kuchanganyia. Niliwahi kuletewa barua ya kijana aliyebeba matofali miaka 6, imeandikwa na mtu anayempenda, na ndani yake mna “he is unskilled”. Kijana alikuwa ameipeleka sehemu tatu kabla hajafika kwangu. Iliniuma.

Anaweza, lakini anaweza nini?

“Able” kwenye karatasi ya mjomba lilisimama peke yake, na ndiyo maana lilikuwa bubu. Neno hili linataka kuendelea: “able to read drawings”, anaweza kusoma ramani. Likikaa mbele ya jina, kama “an able teacher”, linakuwa sifa kamili, yenye ladha ya kizamani kidogo. Kwa mabaharia ni cheo. “Able seaman”, kwa kifupi AB, yuko juu ya “ordinary seaman”, ambaye ni OS. Kijana mmoja wa bandarini aliniomba nifute “ordinary” kwa sababu aliona linamdharau. Nilimwomba aliache. Nahodha anayetafuta OS anataka asome herufi hizo hizo, na ukizipamba hatajua umemletea nani.

Kuna mtego katika wakati uliopita. “Aliweza” yetu inabeba mambo mawili. “He could” ni uwezo aliokuwa nao tu. “He was able to” ni jambo lililotendeka siku hiyo likakamilika. Fundi umeme aliyerudisha jenereta ya zahanati usiku uleule mwandike “he was able to restore power the same night”. Ukiandika “he could restore power”, msomaji atabaki anajiuliza kama umeme ulirudi.

“Capable” ni pana zaidi. Linamsifu mtu mzima kwa kazi nzima: mkabidhi, nenda zako. Liangalie tu linaposhikana na “of”. “Capable of running a workshop” ni sifa. “Capable of anything” ni onyo, maana yake huyu anaweza kutenda lolote, hata baya. Nimelikuta kwenye barua mbili za nia njema kabisa, na moja ilikuwa ya mlinzi.

Sasa “competent”, ambalo hunichukua muda mrefu kulieleza kuliko mengine yote. Kwenye mitaala ya Tanzania “competence” imewekwa kuwa “umahiri”. Kwa hiyo mkufunzi akitaka kusema kijana wake ni mahiri, mkono unakwenda wenyewe kwenye “competent”. Ila mtaani mahiri ni mtu ambaye wengine huacha kazi zao waje kumtazama. “Competent” ni mtu aliyefikia kiwango kinachotakiwa, basi. Kwenye mafunzo ya ufundi stadi hutumika hivyo hasa: umepimwa, ukaonekana “competent”, au bado, “not yet competent”. Kwenye karatasi ya matokeo ni neno safi na la kujivunia. Kwenye barua ya kumpendekeza mtu unayemthamini linapoa. Mwingereza akisoma “a competent carpenter” anasikia: hana kosa, wala hana la ziada. Mahiri wa mtaani mwandike “highly skilled”. Kama ni mchongaji, mpishi au mwanamuziki ambaye kazi zake zimeonekana na kusifiwa, mwandike “accomplished”.

Hodari nalo ni tata. Tunamwita hodari mchapakazi, tunamwita hodari asiyeogopa, tunamwita hodari ajuaye. Kiingereza kinakulazimisha uchague: “hardworking”, “brave” au “skilled”. Mtu anaweza kuwa mchapakazi kuanzia alfajiri na milango yake isifunge. Ukiandika “hardworking” pekee juu ya fundi, msomaji mwenye jicho kali atauliza kwa nini hukusema anajua.

Mikono

Maneno ya mikono nayapenda kwa sababu yanaonekana. “Handy” ni mtu wa kurekebisha vitu vidogo vya nyumba: kitasa, bawaba, bomba linalovuja. Ni sifa nzuri kwa mtunza bustani au mlinzi, na ndogo mno kwa fundi kamili. “Good with his hands” ni ya jumla na haina hatari.

“Deft” ni wepesi na ulaini wa vidole kwa pamoja. Muuguzi anayeupata mshipa wa mtoto mchanga kwa sindano ya kwanza ni “deft”. Mama anayesuka ukili huku anazungumza na wageni, bila kutazama, ni “deft”. Lakini liandike polepole. Ukikosea herufi moja tu ukaandika “daft”, umemwita mpumbavu. Maneno haya mawili yalizaliwa na neno moja la Kiingereza cha kale lililomaanisha upole. Moja likaenda kwenye vidole, jingine likaenda kwenye ujinga. Programu ya kukagua tahajia haitakusaidia, kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Mshonaji mmoja alinijia na barua yenye kosa hilo ikiwa imezungushiwa kalamu nyekundu na ofisi aliyoomba kazi. Alikuwa haelewi kosa liko wapi, nami ikabidi nimweleze. Tangu siku hiyo “deft” nalisoma herufi kwa herufi, kidole kikiwa kwenye kioo.

“Dexterous” linatokana na Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mkono wa kulia. Mshonaji mwenye shoto aliwahi kuniuliza kama linamfaa. Linamfaa kabisa, leo hakuna anayelisoma akawaza mkono upi. Ila ni neno zito, linapendeza zaidi kwa kazi za vitu vidogo sana: saa, simu, meno, upasuaji.

Kila neno na mkia wake

Kiswahili kinatubeba kwa “wa” na “katika”: hodari wa kupika, mzoefu katika upishi, hakuna atakayekukosoa. Kiingereza kimefunga kila neno na kihusishi chake, na hakitoi sababu. Njia niliyoiona inafaa ni kukariri jozi, si neno peke yake, kama tulivyokariri ngeli bila kuzijua kwa jina. “Good at”, “adept at”. “Skilled in”, “experienced in”, “proficient in”. “Capable of”. “Handy with”, kwa kifaa: “handy with a drill”. Na baada ya “at”, “in” na “of” kitenzi huvaa “-ing”: “adept at fitting doors”, “capable of leading a team”. Kosa ninalolifuta mara nyingi kuliko yote ni “capable to do”. Kama unataka “to”, rudi kwenye “able”.

“Adept” lenyewe lifahamu vizuri, ni zuri na halitumiki vya kutosha. Litumie kwa jambo moja mahususi ambalo mtu amelifikia: kuunga mbao, kutuliza mteja mwenye hasira, kurudi nyuma na trela. Usiandike “he is adept” ukanyamaza.

“Proficient” nalitunza kwa lugha na kompyuta. Kwenye lugha lina kipimo chake. Mfumo wa Baraza la Ulaya uliotolewa mwaka 2001 hupanga ujuzi wa lugha kutoka A1 hadi C2, na “proficient user” ni yule wa C1 na C2, juu kabisa. Mhudumu wa hoteli anayejua kusalimia na kupokea oda kwa Kiitaliano usimwandike “proficient in Italian”. Andika “basic Italian”. Mgeni wa kwanza kutoka Roma atamaliza ubishi.

Maneno ya kushika kwa tahadhari

“Expert” kila mtu analitaka. Linatoka kwenye Kilatini cha kujaribu, kama “experience”, lakini limepanda cheo: siku hizi ni mtu ambaye wengine humfuata wamwulize. Nimewahi kuliandika kwa mzee mmoja wa kuunda majahazi, kwa sababu wanaounda majahazi wengine humjia yeye. Kwa kijana wa miaka 28 ningemwekea mzigo ambao swali moja gumu lingeuangusha.

Daktari bingwa si “champion doctor”. Ni “specialist”. Bingwa wa ngumi ndiye “champion”.

Injinia wa mtaani, anayefufua friji na pampu, tunamwita hivyo kwa mapenzi, ila barua isimwite “engineer”. Uhandisi Tanzania una bodi ya usajili, na mwajiri anaweza kuomba namba yake. “Technician” au “refrigeration mechanic” inatosha na ni ya kweli.

“Cunning” linawanasa watu wa kanisani. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 humwita fundi stadi “a cunning workman”, na hapo ni heshima tupu. Siku hizi neno limebaki na ujanja wa hila. Mwinjilisti mmoja aliyekuwa ameisoma Biblia hiyo maisha yake yote alimwandika fundi wa madhabahu “a cunning carpenter”, akiwa na nia ya kumtukuza.

“Ingenious” ni mbunifu, yule tunayemwita mtundu wa kazi, aliyetengeneza mashine ya kukamulia miwa kwa mota ya mashine ya kufulia. “Ingenuous” ni mtu asiyejua ya dunia. Nikiwa na shaka na vidole vyangu, naandika “inventive”. Mtu anayetoa kitu kizuri kwa vifaa vichache ni “resourceful”, na kwa mafundi wetu wengi hili ndilo neno la haki kuliko yote. Wanapiga randa umeme umekatika, wananoa patasi kwa jiwe la mtoni, na mlango unafunga. Liandike, halafu lifuatishe na mfano mmoja.

Kwa fundi wa kazi nyingi, msemo “jack of all trades” achana nao. Waingereza huumalizia kichwani kwa “master of none”, nasi tuna wetu wa mshika mbili. Andika “versatile”, ukitaja kazi mbili au tatu, zisizidi.

Miaka

“Experienced” bila namba ni hewa. “13 years’ experience” ni kitu. Ukitaka neno lenye joto zaidi kwa mtu wa miaka mingi, lipo “seasoned”. Watu hulikwepa wakidhani ni la viungo vya mchuzi, na ni kweli chakula kilichokolea viungo huitwa hivyo. Lakini mbao nazo huitwa “seasoned timber”, zile zilizokaushwa polepole kivulini mpaka hazipindi tena wala kupasuka. Nilipomweleza seremala wangu hivyo alicheka kwa furaha, akasema hilo neno analijua mwilini. Nilitamani nimpe. Nikaona tulihifadhi: mtu huwa “seasoned” baada ya miaka 20 na zaidi, na lingemfaa mjomba wake.

Aliyejifunza kwa mjomba bila cheti mwandike “trained on the job”. Usiandike “he has no certificate”. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, fundi hupimwa kwa kazi anayoijua akapewa cheti, nami kila asiye nacho namsisitiza aende, kwa sababu barua yangu ina kikomo.

Barua yenyewe iliishia kuwa fupi. “He is a skilled joiner and carpenter with 13 years’ experience in hardwood doors, windows and stairs. He was trained on the job in our workshop. He is adept at mortise and tenon joints, able to work from drawings, and supervises two apprentices.” Kisha nikataja zile nyumba mbili zenye ngazi zake, na mitaa zilipo.

Hatua ya mwisho siiruki kamwe: namsomea mwenyewe kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, kabla sijachapa. Ni jina lake na ndiye atakayeulizwa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye vijana wawili akainua mkono.

“Hapo mama, samahani. Siwasimamii. Anayewasimamia ni mjomba. Mimi nawafundisha.”

Nikafuta “supervises”, nikaandika “trains”. Saa kumi mjomba akaja na mhuri wake. Akaniuliza hao “apprentices” ndio nani. Nikamwambia ndio wanagenzi. Akaitikia kwa kichwa, akavaa miwani, akatia sahihi.